Kihamba kilichokosa mwenye panga

Mwishoni mwa Novemba, kahawa ya mwisho ikiwa imeshaanuliwa, shangazi alinipigia simu kutoka Kibosho, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Hakunisalimia kwa kirefu kama ilivyo kawaida yake. "Mwanangu, wewe umesomea mambo haya. Kihamba hiki kimerogwa au kimechoka?" Alikuwa ametoka kupima kahawa yake ya maganda kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika: msimu mzima, kilo 64. Kwenye daftari aliloacha marehemu mumewe, ukurasa wa mwaka 1996, imeandikwa kilo 310. Kihamba, yaani shamba la mchanganyiko linaloizunguka nyumba ya Mchagga, ni kilekile, ekari moja na robo, na hakuna hata hatua moja iliyouzwa.

Mimi ni afisa ugani, ingawa kituo changu kiko wilaya nyingine. Jumamosi iliyofuata nilipanda Kibosho na futi kamba, daftari na shuka jeupe la kitandani. Faida ya shuka itaonekana mbele.

Shamba linaanzia barabarani kwenye mstari wa masale, mimea ya kuwekea mpaka, linateremka taratibu hadi ukingo wa korongo, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400. Katikati kuna nyumba, banda la ng'ombe lisilo na ng'ombe, na kaburi la mume wa shangazi. Mengine ni kihamba kama kila Mchagga anavyokijua. Juu kabisa kuna miti ya kivuli: miruka mitatu, miringaringa miwili na migrivilea 38. Chini yake migomba, na chini ya migomba mibuni, yaani miti ya kahawa, 412, niliyoihesabu mmoja mmoja. Ardhini kabisa kuna magimbi, viazi vikuu kando ya miti, na maharage pale yanapokubali kuota. Karibu na jiko kuna miparachichi tisa.

Majirani walikuwa wameshampa shangazi jibu lao: mchanganyiko ndio mchawi. Ng'oa migomba, panda kahawa peke yake kwa mistari kama mashamba makubwa, au ng'oa kahawa upande parachichi tupu. Nilitaka kulipima jibu hilo kabla ya kulikubali, maana historia ya mlima inalikataa. Kahawa ilifika kwetu kwa mikono ya wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na wazee wetu hawakufyeka migomba ili kuipokea, waliiingiza chini yake. Kwa mfumo huo ukanda wa vihamba, takribani mita 900 hadi 1,900, umelisha watu wengi kwenye vipande vidogo vya ardhi kizazi baada ya kizazi. Watafiti wamehesabu humo zaidi ya aina 500 za mimea, nyingi zikiwa zimejiotea zenyewe. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, kule Uru, makorongo machache tu kutoka kwa shangazi, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Kitu kilichodumu muda wote huo hakiwezi kuwa kibovu kwa asili yake. Kama kimeacha kuzaa, kuna kitu kimeondolewa ndani yake.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa umri wa mibuni. Kweli ni mizee, imepandwa na baba mkwe wa shangazi, na ni ya aina za zamani zisizohimili chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, wala kutu ya majani. Ningeweza kuishia hapo, nikamwandikia ang'oe yote apande miche mipya inayozalishwa na kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, nikarudi mjini. Bahati nzuri nilipita kando ya barabara kabla ya kuandika chochote.

Pale barabarani nyaya za umeme zilipopitishwa, matawi yote ya miti iliyo chini yake yalikatwa, na hukatwa tena kila yanaporudi. Chini ya nyaya hizo kuna mibuni 19. Umri ni uleule, aina ni ileile, na samadi haijaonekana pale kwa miaka kama haijaonekana kwingine. Niliomba ngazi nikahesabu vifundo vilivyozaa kwenye matawi kumi pale, kisha kwenye matawi kumi ya mibuni iliyo chini ya migrivilea. Chini ya nyaya, kila tawi lilikuwa na wastani wa vifundo 14 vyenye vikonyo vya matunda yaliyochumwa. Chini ya migrivilea, vitatu. Shangazi aliyekuwa ameshika ngazi akasema kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo, "Hapo ndipo ndoo hujaa. Siku zote nilidhani ni vumbi la barabara."

Ndipo nikatoa shuka. Saa sita mchana, anga ikiwa wazi, tulipita mistari yote ya shamba, na kila baada ya hatua kumi tunalitandaza juu ya mbuni au ardhini na kuangalia kama jua linalifikia. Tulifanya hivyo mara 60. Mara 13 tu ndipo shuka lilipopata jua la kueleweka. Kwingine kote lilibaki la kijivu, kama limetandazwa ndani ya nyumba.

Mbuni unapenda kivuli, na hilo ndilo huwachanganya wengi. Kivuli cha wastani huupunguzia joto, huukinga na mvua ya mawe, na huuzuia kuzaa kupita kiasi mwaka mmoja na kukauka matawi mwaka unaofuata. Lakini maua yake hutegemea mwanga unaofika kwenye tawi. Kivuli kikifunga, mbuni hurefuka kutafuta jua, hutoa majani makubwa laini na vifundo vichache. Halafu unyevu hukaa muda mrefu kwenye matunda, na kwa baridi ya mwinuko wetu huo ndio mlango wa chulebuni. Maharage hayana subira hata hiyo. Shangazi alipanda masika, akavuna debe mbili. Daftari la mzee linaonyesha debe saba.

Sitaki mtu aondoke hapa akilaumu migrivilea. Ilipandwa kwa ushauri mzuri. Hukua haraka, hutoa mbao na kuni, na huvumilia kukatwa matawi kuliko miti mingi. Haifanani na mruka, ambao ni wa jamii ya mikunde, huongeza naitrojeni kwenye udongo, na vijimajani vyake vidogo hupitisha mwanga kama chekeche. Mgrivilea haukuongezei naitrojeni, na majani yake huchelewa kuoza. Lakini ukipogolewa kila mwaka huishi vizuri na kahawa. Mume wa shangazi alikuwa akiikwea mwenyewe na panga kiunoni, kila Februari, kabla ya masika, akiacha kichwa kidogo tu juu. Alifariki mwaka 2009. Tangu siku hiyo hakuna aliyekwea mti hata mmoja. Miti haikubadilika tabia. Kilichotoweka ni panga.

Kwa nini halikushikwa na mtu mwingine kwa miaka yote hiyo? Hapa ndipo palipo na kiini cha kisa hiki, na hapa ndipo vipimo vyetu vya ugani mara nyingi haviingii.

Shangazi ana miaka 68, hakwei miti. Kibarua wa kupogolea huomba fedha nyingi kuliko wa kulima, na ana haki, kwa sababu akianguka hana bima. Kukata mti mzima, hata ulio shambani kwako, kunahitaji kibali kinachoanzia kwa mtendaji wa kijiji. Lakini vyote hivyo vingewezekana kama si kikwazo kikubwa kuliko vyote. Miti ile si yake. Kwa mila, kihamba cha wazazi huenda kwa mtoto wa kiume wa mwisho, na mama mjane hukaa humo kama mtunzaji. Shangazi amelima pale zaidi ya miaka 40, amezaa pale, amezika mume pale, lakini aliponiambia kuhusu migrivilea alisema "miti ya kina baba yako mkubwa", yaani ukoo wa mumewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Sheria hiyo ipo na ina nguvu. Ila mama anayekaa peke yake kilimani hataki kuitumia dhidi ya wanawe, na simlaumu.

Wanawe watatu wako Dar es Salaam. Ni watoto wema, wanatuma fedha ya dawa na ya sukari. Kila alipowagusia miti kwenye simu, mkubwa alijibu, "Mama, hiyo ni kumbukumbu ya baba, tutaongea Krismasi." Krismasi inafika, nyumba inajaa, mbuzi anachinjwa, mbege, pombe ya ndizi, inapikwa, na kikao cha familia kinakaa siku mbili baada ya sikukuu. Kinazungumza ukuta wa kaburi, ada za wajukuu, harusi ya mwaka ujao. Muda unaisha, magari yanateremka. Kazi ya kupogolea inatakiwa Januari na Februari, kahawa ikishaisha kuvunwa na mvua haijaanza, na wakati huo nyumba imebaki na mtu mmoja. Shamba lina kalenda yake, ukoo una yake, na kwa miaka kumi na kitu kalenda hizo mbili hazikukutana.

Nimekaa kwenye mikutano mingi ambako tunaeleza kwa nini wakulima wadogo hawazalishi: elimu ndogo, pembejeo, mtaji. Shangazi hakukosa elimu. Alijua kivuli kimezidi kabla yangu. Alichokosa ni mamlaka juu ya mti.

Jambo la pili kwa uzito ni ng'ombe. Aliuzwa mwaka wa ada ya chuo ya mtoto wa mwisho, na nafasi yake haikujazwa. Ukimtoa ng'ombe kwenye kihamba umekata mnyororo wote. Majani na vigogo vya migomba vilikuwa chakula chake, na samadi yake ilirudi kwenye migomba na mibuni. Kisha kuna sehemu ambayo watu huisahau. Wanawake wa mlimani waliteremka tambarare kuchukua mabua ya mahindi na nyasi, wakapandisha mizigo kichwani. Mizigo ile ilikuwa rutuba ya bondeni inayopanda mlima kila wiki. Banda lilipobaki tupu, safari hizo zilikoma, na kihamba kikaanza kutoa ndizi, kahawa na kuni bila kurudishiwa kitu. Udongo wetu wa volkano ni mkarimu, husamehe muda mrefu, lakini migomba ilikuwa imeshaanza kusema. Mashina mengi yalikuwa na machipukizi manane hadi kumi yakigombania chakula, mikungu miembamba ya chane nne au tano. Utaratibu unaofahamika ni mama, mtoto na mjukuu, basi.

Mengine niliyakuta lakini hayakubeba uzito huo. Bungua, mdudu atoboaye mashina, alikuwa kwenye mibuni michache. Fukusi wa mgomba alikuwepo, kama alivyo kwa kila jirani. Mfongo, mfereji wa asili wa maji, uliokuwa ukipita juu ya shamba haujaleta maji kwa muda, na zamu zake hazieleweki tena. Bei ya kahawa hupanda na kushuka mnadani Moshi, na shangazi hana la kuifanya. Ningesema bei ndiyo iliyomfanya mzee aache kununua dawa zamani zile, lakini haielezi tofauti ya vifundo 14 na vitatu ndani ya shamba moja.

Kisha nilimwomba mtoto wa jirani amsaidie shangazi kuandika kila kinachotoka shambani, si kahawa peke yake: kila mkungu uliopikwa au kuuzwa, kila mzigo wa kuni, magimbi, parachichi. Sisi maofisa tuna tabia mbaya ya kwenda kihambani na mizani ya kahawa tu, kisha tunaandika "tija ndogo". Shamba la mchanganyiko hupimwa kwa jumla yake. Swali la haki ni hili: ukitaka kupata vitu vyote hivi kila kimoja kwenye shamba lake, ungehitaji ekari ngapi? Zikizidi ekari uliyonayo, mchanganyiko unakulipa.

Nilimleta pia fundi wa mbao apime migrivilea yote. Kiasi alichotaja kilizidi malipo ya kahawa ya misimu minne. Nilirudia hesabu mara mbili nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha jiko. Kihamba hakikuwa kimechoka. Kilikuwa kinafanya kazi usiku na mchana, ila kazi yote ilikuwa inapanda juu na kugeuka gogo. Jua lililotakiwa kuwa maharage na kahawa lilikuwa limehifadhiwa kwenye mbao ambazo hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuziuza.

Desemba hiyo niliomba nafasi kwenye kikao. Mimi ni mtoto wa kaka wa shangazi, si wa ukoo wa mumewe, kwa hiyo nilipitia kwa shemeji yake mkubwa, mzee wa miaka zaidi ya 80, ambaye alinisikiliza kwa utulivu kisha akasema kwa watoto, "Twendeni shambani kwanza, tutakaa baadaye." Saa sita mchana, wakiwa na nguo zao za sikukuu, wanaume wale watatu walishika shuka lile jeupe na kulitandaza wenyewe. Chini ya nyaya liling'aa. Chini ya miti ya baba yao likawa kijivu. Mkubwa alinyamaza muda, halafu akamgeukia mama yake. "Mama, kwa nini hukutuambia?"

"Nilisema kila Krismasi, baba."

Hakuna aliyejibu. Kikao kilichukua dakika chache. Uliandikwa muhtasari, wote wakatia sahihi, na mzee akaweka dole gumba: shangazi ndiye anayeamua nini kikatwe, kipogolewe au kipandwe, bila kusubiri Desemba. Migrivilea minne iliyo karibu na kaburi ibaki, na nilikubali kwa moyo wote, maana shamba letu ni makaburi yetu pia. Nakala ya muhtasari ilipelekwa kwa mtendaji wa kijiji pamoja na ombi la kibali.

Kibali kilitoka Februari. Mwaka wa kwanza tulikata tisa ya katikati, tukaacha yote ya ukingo wa korongo kwa sababu mizizi yake ndiyo inayoshika udongo pale. Magogo yalishushwa kwa kamba vipande vipande, na bado tulivunja mibuni sita. Iliyobaki ilipogolewa. Fedha ya mbao ilinunua mtamba, ikakarabati banda, na ikalipia miche 60 ya vikonyo, yaani iliyooteshwa kwa vipande vya mti mama badala ya mbegu, kutoka shamba mama la kikundi cha wakulima cha kata, ya aina zinazohimili chulebuni na kutu. Migomba ilipunguzwa machipukizi.

Kosa langu lilikuwa kwenye visiki. Nilishauri mibuni mizee ikatwe visiki ili ichipue upya, karibu nusu yake kwa mkupuo, nikiwa na haraka ya kuona matokeo. Kisiki huchukua miaka miwili hadi mitatu kurudi kwenye mavuno, na msimu uliofuata shangazi alipima kilo 41. Alilazimika kukopa kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa ili alipe vibarua wa palizi, maana mwanga ulipoingia magugu nayo yalishangilia, na palizi mbili zikawa nne. Ningeanza sasa ningekata robo, labda chini ya hapo, mstari kwa mstari, ili mama asikose fedha ya msimu wakati shamba linajirekebisha. Mkulima mwenye ekari moja hana akiba ya kusubiria makosa ya mtaalamu.

Maharage yalikuja haraka zaidi: masika ya kwanza debe tano. Shuka tulilitandaza tena Novemba iliyopita, mara 60, na jua lililifikia mara 29. Mtamba amezaa. Mikungu ya mshare, ndizi za kupika, imepungua idadi lakini yenye chane nane si ajabu tena, na ile michache ya ndizi za mbege inamtosha kualika majirani. Kwenye visiki vya mibuni maotea, yaani machipukizi mapya, yameachwa mawili mawili, yamefika kiunoni, na matawi ya chini yana vifundo vinavyokaribiana kama vile vya barabarani.

Imebaki miparachichi. Sita kati ya tisa ni ya kubebeshwa, inalipa, na ipo pembeni. Mitatu ya kienyeji iko katikati ya kahawa, majani yake ni mazito mwaka mzima na mizizi yake inatambaa juujuu, inakunywa pale pale mbuni unapokunywa. Nimehesabu mibuni 22 iliyo chini yake isiyozaa. Nilimwambia shangazi tukate miwili. Aliitazama miti ile, akatazama wajukuu waliokuwa wameketi juu ya tawi mojawapo wakila, akasema, "Hiyo acha kwanza, mwanangu." Sasa ruhusa ni yake, nami nimeandika kwenye daftari: miparachichi mitatu ya kienyeji, ibaki.